"Picha Zinanikataa": Umbali, Mwanga na Shingo Vinavyoujenga Uso

Bibi mmoja aliingia studio akiwa na mjukuu wake wa miaka tisa na picha ya zamani iliyofifia, ameifunga kwenye leso. Alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni, "kabla sijafa," akasema huku akicheka. Nilimwamkia, nikamkaribisha kitini, naye akanipa onyo ambalo nimeshalisikia kwa maharusi, wachungaji, wanafunzi na hata vijana wanaojipiga selfie kutwa nzima: "Mwanangu, nipige tu, lakini ujue mimi picha zinanikataa."

Akanionyesha ushahidi kwenye simu. Mjukuu, ambaye yeye humwita "mume wangu" kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, alikuwa amempiga uani saa saba mchana. Simu ilikuwa karibu kabisa na uso, tena kwa chini, maana mtoto mwenyewe ni mfupi. Pua imejaa picha nzima. Macho ni mashimo mawili meusi. Kidevu kimezaa kidevu. Bibi aliyekaa mbele yangu alikuwa na mifupa ya mashavu iliyopanda, mwanya, na macho makali ya mtu aliyezoea kupunguziwa bei na kukataa. Yule wa kwenye simu sikumjua.

Kamera haina kinyongo na mtu. Anayekutazama ana kwa ana ana macho mawili, anakumbuka sura yako ya jana, anakuona ukigeuka na kucheka. Akili yake inasawazisha. Kamera ina jicho moja na nafasi moja, na kitu chenye vilima na mabonde inakigeuza kuwa karatasi bapa. Jinsi vilima hivyo vitakavyoonekana inategemea kamera imesimama umbali gani, mwanga umetoka wapi, na kichwa kimekaaje juu ya shingo. Watu huyachanganya yote matatu wakayaita "pozi", na hapo ndipo wanapopotea. Mimi huanza na umbali, kwa sababu ukikosea umbali hakuna taa wala pozi litakalokuokoa.

Rudi nyuma kwanza

Kutoka ncha ya pua hadi masikioni kuna takriban sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 mbele ya pua, masikio yako sentimita 42. Kitu kilicho karibu huchorwa kikubwa, kilicho mbali huchorwa kidogo, kwa uwiano wa umbali huo huo. Kwa hiyo pua imechorwa kwa kipimo kinachozidi cha masikio kwa asilimia 40. Sasa rudi nyuma mpaka mita moja na nusu. Pua iko sentimita 150, masikio 162. Tofauti imeshuka hadi asilimia 8. Pua haijaguswa, ila sasa imekaa mahali pake.

Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu ya namna hii, kwa kuwa watu walikuwa wakija na selfie mkononi kuomba pua zao zipunguzwe. Walionyesha kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ile ya mita moja na nusu. Fikiria mtu analala kwenye meza ya upasuaji kwa sababu mkono wake ni mfupi.

Kuna uzushi wa vijiweni kwamba lenzi ya milimita 85, ile inayovuta vitu vya mbali karibu, "inapendezesha" na lenzi pana "inaharibu sura". Lenzi haina kosa. Ukiwa na lenzi ya 85 huwezi kumpata mtu kichwa na mabega mpaka urudi nyuma, na huko kurudi nyuma ndiko kunakomfaa. Ukiwa na lenzi pana, mkono unakuvuta umsogelee ili ajae kwenye fremu. Kwa hiyo mwenye simu hana haja ya kununua kitu: asimame hatua mbili au tatu nyuma, kisha avute picha kwa kitufe cha 2x, au apige vivyo hivyo na kukata kingo baadaye.

Usirudi mpaka uvuke barabara, lakini. Ukifika mita nne au tano, uso huanza kulala kama sahani: masikio yanajitokeza, mashavu yanatanuka, kina cha pua kinapotea. Mwenye uso mwembamba hilo linaweza kumfaa. Mwenye uso wa duara, mita moja na nusu hadi mbili zinamtosha. Nikiwa na mteja nisiyemjua huanzia hapo, halafu natembea.

Hata umbali ukiwa sahihi, wapo watakaoitazama picha na kusema "huyu si mimi". Hao usiwabishie. Uso wako unaujua kwa kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Mwaka 1977 watafiti wa saikolojia huko Marekani waliwaonyesha watu picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kama kioo: wenye sura walipendelea zilizogeuzwa, marafiki zao wakapendelea za kawaida. Kila mmoja alipenda kile alichokizoea. Mteja akinung'unika huwa naigeuza picha kwenye kompyuta, anatabasamu, kisha namuuliza mumewe anapenda ipi.

Kivuli cha pua ndicho dira

Mwanga una tabia mbili ambazo watu huziita kitu kimoja: ukubwa na upande. Ukubwa ndio unaoamua kama kivuli kitakuwa na ukingo mkali kama wa kisu au kitayeyuka polepole. Na ukubwa wenyewe hupimwa kwa jinsi taa inavyoonekana ukiwa umekaa pale alipokaa mpigwa picha. Jua ni kubwa kuliko dunia yetu mara nyingi sana, lakini liko mbali mno; angani upana wake ni kama nusu digrii, sawa na punje ya choroko ukiishika kwa mkono ulionyooka. Ndiyo maana mwanga wake ni mkali na kila chunusi inapata kivuli chake. Wingu likipita, wingu lenyewe linakuwa taa, nalo limetanda anga nzima. Mwavuli wa studio wa mita moja ukiwa mita moja kutoka usoni ni taa kubwa. Upeleke mita nne umeshakuwa taa ndogo, na tena dhaifu, kwa sababu kila ukizidisha umbali mara mbili mwanga hubaki robo. Vijana wengi hununua mwavuli mzuri kisha wanausimamisha ukutani kama mgeni. Usogeze. Ukikaribia kuingia kwenye picha, hapo ndipo mahali pake.

Ngozi ya mtu mzima hupendezwa na mwanga mkubwa unaotoka karibu na mbele, kwa kuwa kunyanzi ni bonde dogo, na bonde halionekani likimulikwa kutoka juu yake. Mwanga wa ubavuni hulijaza kivuli. Lakini usidhani kila mzee anataka mabonde yafukiwe. Nimewahi kumpiga mvuvi aliyenikataza kabisa: "Usinilainishe." Huyo nilimweka kando ya dirisha dogo, mwanga ukamchana ubavuni, kila mstari ukajisema. Swali la kwanza si mwanga gani unapendeza. Swali ni: mwenyewe anataka aonekane nani?

Baada ya ukubwa, upande. Ukitaka kujua mwanga umekaa wapi, usiitazame taa. Tazama kivuli cha pua.

Taa ikiwa juu, moja kwa moja mbele ya uso, kivuli hushuka chini ya pua kikiwa kifupi, kimetanua mbawa mbili, ndipo watu wa fani wakakiita kipepeo. Hollywood ya miaka ya 1930 ilimpiga hivyo Marlene Dietrich hadi mtindo ukaitwa kwa jina la kampuni ya sinema, Paramount. Mwanga huu huinua mifupa ya mashavu na kuchonga taya, kwa hiyo unamfaa mwenye uso wenye mifupa. Mwenye macho ya ndani utamuumiza: nyusi zinageuka paa la nyumba na macho yanabaki ukumbini gizani.

Isogeze taa kidogo upande, kivuli kiinamie kona ya mdomo bila kuufikia. Hicho huitwa kitanzi. Kama ungeniruhusu kubaki na mwanga mmoja tu maisha yangu yote ningebaki na huo. Sura tisa katika kumi unazikubali. Ukizidi kuisogeza, kivuli cha pua kinakutana na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la upande wa giza inabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Mtindo huo una jina la Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, aliyependa kuwachora watu namna hiyo. Una uzito, unafaa wazee, wasomi, watu wenye habari usoni. Msichana wa miaka kumi na minane anayetaka picha ya hafla ya kuhitimu utamzeesha nao. Ukiendelea mpaka taa iwe ubavuni kabisa, nusu ya uso inazama, na huo ni mwanga wa vitabu vya upelelezi. Kwa picha ya sebuleni siutumii.

Sasa linakuja lile ambalo wengi hulikosea hata baada ya miaka kazini. Mtu akigeuza uso kidogo, kamera inaona shavu moja pana, lile la upande wa sikio linaloonekana, na jingine jembamba lililogeukia mbali. Mwanga ukitoka upande ambao pua imeelekea, shavu jembamba ndilo linalong'aa, na lile pana linaingia kivulini. Jicho la mtazamaji hukimbilia penye mwanga, kwa hiyo uso mzima unaonekana mwembamba. Ukiipeleka taa upande wa pili, shavu pana ndilo linalong'aa, na uso unajaa. Kwa mtu aliyetoka kuugua, au mwenye mashavu yaliyobonyea, huo wa pili ni zawadi. Kwa mwenye mashavu yaliyojaa ambaye anatamani yapungue ni adhabu, na ndio mwanga anaoupata kila siku, kwani mpiga picha amesimika taa upande mmoja asubuhi na haisogezi hadi jioni.

Pua nayo ina siasa zake. Iliyopinda hunyooka machoni ukiielekeza kwenye taa. Ndefu hufupika ukiinua kidevu kidogo na kushusha taa, kivuli chake kikawa kifupi. Pana hupata mstari wa mwanga juu ya mwanzi wa pua ukipandisha taa na kuigeuza sura kidogo. Lakini kwanza muulize mwenyewe. Nimeona wapiga picha wakiichukulia pua pana kuwa ugonjwa unaohitaji tiba, wakati mwenye nayo amerithi kwa baba yake na anaringa nayo.

Macho hayana mjadala: lazima yawe na kidoa cha mwanga. Bila kidoa hicho mtu anaonekana amechoka au hayupo. Kama paji la uso linafunika macho, teremsha taa, au weka kitu cheupe, kama ubao, mapajani kirudishe mwanga juu. Boksi lililopakwa chokaa linatosha, na kitambaa cheupe pia. Mavazi yetu yenyewe hufanya kazi hiyo, kwa heri au kwa shari. Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe amekuja na taa yake. Kanzu inarusha mwanga chini ya kidevu na ndani ya macho, na mara nyingi ndiye mtu rahisi kuliko wote kumpiga. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi, nguo inameza mwanga wote wa chini, kwa hiyo shingo na chini ya macho vinazama. Yeye ndiye anayehitaji ule ubao mweupe. Wa mtandio mweupe unaoubana uso ana tatizo jingine nitakalolifikia hivi punde.

Miwani: mwanga hugonga kioo na kuondoka kwa pembe ile ile uliyoingilia. Basi pandisha taa, na inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname chini. Kamera haitagundua. Usimwambie mtu avue miwani aliyoivaa miaka ishirini. Familia yake haitamtambua.

Na kama huna taa, unao mlango. Simamisha mtu ndani ya chumba, hatua moja kutoka mlango ulio wazi, jua lisiingie moja kwa moja. Mlango ni taa ya mita mbili, bure. Baraza yenye kivuli na ua mweupe mbele yake ni studio bora kuliko nyingi nilizozilipia kodi. Kinachotuponza pwani ni jua la utosini. Dar es Salaam, hata mwezi wa sita jua linapokuwa limesogea kaskazini, saa sita mchana linasimama kwenye digrii 60 hivi juu ya upeo. Mwezi wa tatu na wa kumi hupita karibu kabisa juu ya vichwa. Mwanga wa juu namna hiyo huchimba mashimo machoni na kuwaka kwenye pua na paji la uso. Yale mafundisho ya "saa ya dhahabu", ule mwanga mlaini wa kabla jua halijazama, kwenye video za Ulaya nayo huwapotosha vijana wetu. Kwetu jua huzama karibu wima, linashuka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo zile digrii sita za mwisho zenye mwanga mlaini zinakwisha ndani ya dakika 25 hivi. London mwezi wa sita muda huo huwa kama mara mbili. Bwana harusi akichelewa kutoka saluni nusu saa, hakuna dhahabu tena.

Kamera iliyofundishwa kwa ngozi nyingine

Kwenye harusi yangu ya pili kuipiga, bibi harusi alivaa shela jeupe, bwana harusi ni mweusi tititi ndani ya suti nyeusi. Niliacha kamera ijiamulie. Shela likatoka safi kila uzi, bwana harusi akatoka meno na kola. Mama yake alizipitia picha zote kimya, akaniuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kosa lilikuwa langu, ila lina asili yake. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha kati kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ikiona weupe mwingi, kama shela au ule mtandio niliousema, kamera hudhani mwanga umezidi na inapunguza, uso unazama. Dawa ni kuipima ngozi yenyewe. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole, subiri, kisha pandisha au shusha kile kijua kidogo kinachotokea pembeni. Mwenye ngozi nyeusi sana akiwa mbele ya ukuta mweusi, simu hufanya kinyume: inamchemsha mpaka anakuwa kijivu. Hapo shusha.

Enzi za filamu ilikuwa mbaya zaidi. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye mwanamke mweupe. Kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Fundi akihakikisha ngozi ya Shirley imetoka vizuri, kazi imekwisha. Nyuso zetu zilikuwa zikisawazishwa kwa ngozi isiyo yetu, na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kutoka miaka ya 1990. Simu nazo zimechelewa. Google ilianza kujitangazia kazi ya kurekebisha kamera zake kwa ngozi nyeusi mwaka 2021.

Lakini kuipata ngozi bila kuzama ni nusu tu ya kazi. Ngozi nyeusi inataka kumulikwa kwa fikra tofauti. Mwanga ukigusa ngozi, sehemu ndogo, takriban asilimia nne, huruka palepale juu kama kwenye kioo, na iliyobaki huingia ndani. Kwenye ngozi nyeupe ile iliyoingia hurudi kwa wingi na kufunika mng'ao wa juu, kwa hiyo umbo la uso mweupe huchorwa zaidi na vivuli. Kwenye ngozi nyeusi inayorudi ni kidogo, mng'ao unabaki peke yake, unaonekana. Ndiyo kusema uso mweusi huchorwa na mng'ao. Taa yako ni brashi, na alama ya brashi ina umbo la taa: ndogo inaacha madoa meupe kwenye paji la uso na pua, kubwa inaacha mfereji mpana wa mwanga unaoteleza juu ya mfupa wa shavu hadi tayani. Kwa hiyo nafanya mambo mawili: naikuza taa, naipeleka ubavuni. Kuongeza nguvu ya flashi usoni, jambo ambalo wengi hulikimbilia, kunaongeza madoa tu.

Mafuta kidogo hayadhuru. Nimewahi kumwambia mteja ajipake zaidi. Kinachodhuru ni poda. Poda nyingi za kupendezesha zina madini meupe yanayorudisha mwanga wa flashi kwa nguvu, na uso uliokuwa mzuri kwenye kioo cha saluni unatoka kama umepakwa majivu, shingo ikiwa na rangi yake. Piga picha moja ya majaribio kwa flashi kabla msafara haujaondoka. Na ile filta ya simu inayong'arisha ngozi mpaka mtu afanane na yai lililomenywa, siitumii. Mteja akiitaka aipake mwenyewe akifika nyumbani.

Wapo waliolijua hili kabla ya taa za kisasa. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga watu wengi uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa cha maua nyuma yao, mara nyingi kwa picha moja tu maana filamu ilikuwa ghali. Zitazame ngozi zile. Hakuna uso uliozama.

Kobe anayechungulia

Kuhusu pozi nitakuwa mfupi, kwa sababu mengi yanayofundishwa ni mapambo. Moja si pambo: kidevu. Mtu akiona kamera huvuta kichwa nyuma, kama anayekwepa kofi. Nyama ya chini ya taya inakusanyika na kidevu cha pili kinazaliwa hata kwa mwembamba. Mwambie asogeze paji la uso mbele kuelekea kwako, kisha akishushe kidevu kidogo. Mimi huwaambia: kobe anayechungulia. Wanacheka, wanafanya, ngozi inavutika, taya inajichora. Kwa ubavu wanaonekana vichekesho, kwa mbele ni watu wengine. Msiba ni kuwa wengi huambiwa "inua kidevu", wakatuonyesha tundu za pua.

Urefu wa kamera ni ndugu wa jambo hilo. Iwe usawa wa macho, au juu kidogo kwa mwenye kidevu kizito. Mwenye upara asiyeufurahia, shusha kamera kidogo. Kumpiga mtu kutoka chini kunampa ukubwa, ndiyo maana mabango ya wagombea hupigwa hivyo, lakini kunamwongezea pia taya na tumbo. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, tumeshaliona kwenye pua. Basi aliyeketi ainame mbele kidogo kutoka kiunoni, uso utangulie, tumbo lifuate.

Akigeuza uso, chunga ncha ya pua isivuke ukingo wa shavu la mbali, la sivyo pua inaota pembe. Jicho la mbali nalo libaki na ukanda wa ngozi nyuma yake. Jicho moja likiwa dogo, na kwa wengi wetu ndivyo lilivyo, liweke upande wa kamera, ukaribu utalikuza. Upande upi wa uso ni bora? Watu wana itikadi kali juu ya hili. Mwaka 1973 watafiti wawili walihesabu picha 1,474 zilizochorwa Ulaya tangu karne ya 16, wakakuta asilimia 60 hivi zinaonyesha shavu la kushoto zaidi, na kwa wanawake idadi ilipanda zaidi. Mimi napiga pande zote mbili, mteja anachagua, na mara nyingi anachagua ule aliokuja akiuchukia.

Hapa utaelewa kwa nini hakuna anayeipenda pasipoti saizi yake. Uso mbele moja kwa moja, mwanga sawa pande zote, hakuna kivuli, usicheke. Kila chombo kinachoujenga uso kimepigwa marufuku kwa kanuni, na ni sawa, kwani afisa wa mpakani anahitaji kipimo. Kosa ni kuitazama ukaamini ndiyo sura yako.

Limebaki tabasamu. Daktari Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na huo hautii amri kama ule wa mdomo. Kwa hiyo "cheka" huzaa meno bila macho. Studio za zamani zilijua kumshughulisha mtu: N. V. Parekh wa Mombasa aliwapanga wateja wake kama waigizaji wa sinema, na mtu akiwa na kazi ya kufanya husahau uso wake. Mimi sina jukwaa, nina maneno. Yule bibi nilimweka kitini hatua moja kutoka mlangoni, mlango kulia kwake, ubao mweupe mapajani, nikasimama karibu mita mbili. Nikamfundisha kobe. Kisha nikamuuliza siku hizi nyanya fungu moja sokoni ni kiasi gani.

Alikasirika vizuri sana. Kisha akacheka hasira yake mwenyewe, mwanya ukatoka, mfupa wa shavu ukashika mwanga. Nilipiga nne, nikaacha.

Aliitazama picha kwenye kompyuta kwa muda, miwani ikiwa ncha ya pua. Hakusema kama ni nzuri. Aliuliza nilikuwa nimesimama wapi, nikamwonyesha alama ya gundi sakafuni. Akatembea mpaka pale, akakitazama kiti alichokalia. Baadaye, nikimwandikia risiti, nikamsikia nje barazani, mjukuu ameshainua simu:

"Rudi nyuma, mume wangu. Rudi. Hatua tatu."